Kila Nyumba Kibuyu

Watu walimwita Mama Samadi, na jina hilo hakulionea haya hata siku moja. Wenzake waliitwa kwa majina ya watoto wao, yeye kaitwa kwa mavi ya ng'ombe, na ukitaka kumfurahisha msifie lundo lake. Lilikaa nyuma ya jiko, limefunikwa majani makavu, na ukiingiza mkono ndani unakuta joto. Mgeni hakuondoka pale bila kutiwa ule udongo mweusi kiganjani na kuambiwa anuse. Akisema haunuki, basi huyo keshakuwa ndugu.

Ndiye aliyewafundisha majirani wa mteremko ule kilimo cha nyumbani. Maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe njiani, yaende kwenye mboga. Gunia bovu lisitupwe, lijazwe udongo lisimamishwe mlangoni, liote mchicha ubavuni. Mvua ikinyesha isiachiwe ikimbie na udongo wa watu, ikingwe kwa mitaro. Na juu ya yote, samadi: kiganja kimoja kila shimo. Watoto walimwigiza wakienda kuteka maji, "Kiganja kila shimo! Kiganja kila shimo!" huku wakitingisha viuno kama yeye. Aliwafukuza kwa fimbo, lakini akicheka. Kwa kweli alikuwa na haki ya kucheka, maana tangu waanze kikundi chao hakuna nyumba iliyokosa mboga, hata kiangazi kikali.

Maharage, hata hivyo, yalikuwa jambo lingine. Maharage yalikuwa ya mama mkwe wake.

Yalikuwa madogo, mekundu, yenye kitovu cheupe. Bibi huyo alikuja nayo siku alipoolewa, yamefungwa kwenye pembe ya kanga, na tangu hapo hayakuwahi kukatika. Kila msimu alichagua yaliyo bora, akayachanganya na majivu yaliyochekechwa ili fukusi wasiyaguse, akayatia kibuyuni, akaziba kwa gunzi na kuning'iniza juu ya jiko. Sheria yake ilikuwa moja: kibuyu hakilali kitupu. Ulipita mwaka wa njaa watoto wake wakilia huku wanakitazama kile kibuyu, naye akawachemshia majani ya porini. Marehemu mume wa Mama Samadi alizoea kusimulia kwamba utotoni alikichukia kibuyu kile kuliko fimbo. Alipofariki, wakabaki wanawake wawili na kibuyu chao, na hakuna aliyekigusa.

Msimu uliopita jua lilikuwa kali. Mbegu za dukani walizopanda majirani zilikauka zote. Ya bibi yalivumilia, yakatoa kidogo, na kidogo hicho chote kikaingia kibuyuni. Hapo ndipo Mama Samadi alipopata wazo, na lilikuwa wazo zuri, asikudanganye mtu. Alikiambia kikundi kwamba kibuyu kimoja ni hatari. Moto mmoja, panya mmoja, basi, kwisha habari yake. Afadhali mbegu zigawanywe, kila nyumba ipande, kila nyumba ivune, kila nyumba iwe na kibuyu chake. Kwetu zikifa, kwa jirani zipo. Watu walipiga makofi, wengine wakasimama.

Ilibaki kumwambia mwenye mali. Bibi kwa wakati huo alikuwa hatoki kitandani ila kwa kushikwa, na macho yake yalikwisha zamani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbegu haitolewi yote, mwanangu," alisema. "Hata mwanao wa kuzaa humpi yote."

"Hatuitoi, Mama. Tunaisambaza. Zikiwa nyumba zote, hazitakufa tena."

Vidole vya bibi vilichezea ncha ya shuka.

"Mimi mikono yangu imekwisha," akasema. "Mikono sasa ni yako. Kilete."

Akalichomoa gunzi mwenyewe. Mama Samadi akakiinamisha kibuyu juu ya ungo, akakipigapiga kitako mpaka majivu nayo yakakoma kutoka, kisha akasema kwa majigambo kwamba haikubaki hata punje moja. Sasa wewe niambie alikosea wapi. Akiba haiozi, ndiyo, lakini hata kugawa nako ni akiba. Mimi nimefikiri mpaka nimechoka.

Samadi ya lundo lake isingetosha nyumba zote, ndipo shemeji yake akajitolea. Huyu alikuwa mdogo wake marehemu, mfugaji, mtu wa mkono wazi. Alifungua zizi akasema bebeni mnavyotaka, na lundo la Mama Samadi likachanganywa humo humo. Ng'ombe wake walikuwa wamenusurika na kiangazi kwa nyasi kavu alizopewa na watu wa shamba kubwa ng'ambo ya mto, na alizisifu kila alipokaa. Nyasi safi, alisema, hata gugu moja ndani yake hulioni. Wote wakasema hongera. Hakuna aliyejiuliza yale magugu yalikwenda wapi.

Mvua iliposhuka walipanda kwa kusaidiana, nyumba hadi nyumba, kiganja kila shimo. Maharage yaliota vizuri. Kisha majani yaliyofuata yakaanza kutoka yamekunjamana kama ngumi ya mtoto mchanga, yasikunjuke. Mashina yakajipinda yakalala. Mama Samadi aliona kiu, akasema mwagilieni. Aliona wadudu, akasema nyunyizeni majivu. Mwishowe, kwa vile dawa ya kila kitu kwake ilikuwa moja, akawaambia waongeze samadi. Wakaongeza, masikini, tena kwa kukimbia. Baada ya hapo hata yaliyokuwa na nafuu yakajikunja.

Bwana shamba alipofika na pikipiki yake alichuchumaa kwenye tuta la kwanza, akageuza jani, na wala hakuuliza habari za maharage. Aliuliza ng'ombe wamekula nini. Alipojibiwa, alivua kofia akaiweka gotini. Akawaeleza taratibu kwamba iko dawa ya kuulia magugu ambayo nyasi haizigusi. Inakaa ndani ya nyasi, ng'ombe anakula na hadhuriki, inatoka naye kwenye mavi, mavi yanakwenda shambani, na huko inakutana na haragwe. Kwa dawa ile haragwe ni gugu tu. Alikwisha kuyaona haya mahali pengine.

"Tufanye nini?" Mama Samadi aliuliza.

"Pandeni mahindi. Mahindi hayatadhurika."

"Mimi nauliza maharage."

"Mama, haya hayatazaa. Na udongo huu usiupe tena jamii ya kunde mpaka dawa iishe yenyewe. Haioshwi, haichomwi. Ni kungoja."

Alitaka agombane naye, lakini ugomvi wenyewe angeuanzia wapi? Kijana wa watu kasema anachokijua, kawasha pikipiki yake kaenda. Jioni ile shemeji alikuja akasimama mlangoni, akakataa kiti. Mama Samadi alikuwa amejiandalia matusi ya kutosha ukoo mzima, akamtazama yule mwanamume anavyoifinyanga kofia yake, akakuta hana hata moja. Shemeji alitoa samadi kwa wema. Wale wa shamba kubwa walitoa nyasi kwa wema. Wakati wa kupuliza dawa yao walipuliza kama wanavyopuliza watu wote wenye mashamba makubwa. Hasira yake ilizunguka ikitafuta pa kukaa, ikarudi ikakaa kifuani mwake mwenyewe.

Likabaki jambo moja tu la kufanya: kutafuta. Punje chache tu, ujazo wa kiganja, hata nusu, zipandwe kwenye udongo usioguswa. Bibi alianza na zaidi ya hizo? Hakuanza. Alikuja na fundo la kanga.

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Je, hakuna mliyoibakiza, labda imesahaulika kwenye bakuli, labda imeangukia uvunguni? Watu walimhurumia, wakainua mikeka, wakafagia pembe za jiko mbele yake. Lakini jibu lilikuwa lile lile kila mlango, na kila mlango lilimchoma upya. Tulipanda zote, Mama Samadi, kama ulivyotuambia. Nyumba moja walijaribu kuing'oa miche na kuihamishia penye udongo mwingine, ikanyauka kabla ya jioni. Hakika hajapata mwalimu kuwa na wanafunzi watiifu namna ile.

Ndipo alipomkumbuka Bwana Kesho.

Huyu alikaa chini kabisa karibu na kijito, peke yake, na jina alilipata kihalali. Paa lake lilivuja kwa sababu litaezekwa kesho. Mtaro wake ulikuwa mfupi kwa sababu utamaliziwa kesho. Siku ya kugawa mbegu Mama Samadi alimsema mbele ya kikundi kizima: "Wewe hata samadi ikija na miguu yake mpaka mlangoni utaiambia irudi kesho." Watu walicheka mpaka machozi. Bwana Kesho naye alicheka.

Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mama Samadi aliushuka mteremko ule karibu ya kukimbia, kanga inamdondoka anaiokota, na njia nzima aliomba kitu ambacho hajapata kukiomba maishani mwake. Mungu wangu, awe alilala. Awe hakubeba samadi hata ndoo moja. Awe amezitupa mbegu mahali, amezisahau, atazipanda kesho. Alijiahidi kwamba akimkuta hivyo atampigia magoti.

Alimkuta shambani, amesimama. Matuta yalikuwa yamenyooka, yamepimwa kwa kamba, vigingi bado vipo. Hakujua kama mtu yule anamiliki kamba. Na kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho wake maharage yalikuwa yamejikunja, yamelala.

"Karibu, dada," Bwana Kesho alisema bila kumtazama usoni. "Nilitaka kuja mwenyewe, nikaona haya."

"Haya ya nini?"

"Nimeharibu mbegu za mama. Ulivyonisema siku ile iliniingia. Nikasema safari hii simwangushi. Samadi nimeibeba mgongoni toka zizini mpaka huku, mimi mwenyewe. Kiganja kila shimo. Halafu ulipotuma watu kwamba tuongeze, nikaongeza." Alifuta mikono kwenye suruali. "Nionyeshe nilipokosea. Mara nyingine nitafanya sawa."

 Mama Samadi alimwambia hakukosea popote. Bwana Kesho alitikisa kichwa. Alidhani anafarijiwa.

"Hukubakiza hata moja?"

"Hata moja, dada. Niliogopa nikibakiza utasema ni uvivu."

Alipanda mteremko polepole, na safari hii kanga ilipodondoka hakuiokota mara moja. Siku zote hizo bibi alikuwa akiuliza kama maharage yametoa maua, naye akijibu bado kidogo, Mama, bado kidogo. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamweleza yote: nyasi, ng'ombe, dawa, samadi, nyumba zote, hadi Bwana Kesho na kamba yake. Hakuacha pale alipowaambia waongeze. Alingoja aulizwe kwa nini alikimaliza kibuyu, na laiti angeulizwa, maana angalau angepata pa kulilia.

Bibi hakumuuliza. "Nipe kibuyu," alisema.

Alikitungua akampa. Bibi alikitikisa sikioni. Akachomoa gunzi, akaingiza vidole viwili shingoni, akazungusha, akavitoa vyeupe kwa majivu.

"Huwa inakwama moja," alisema. "Pale penye kona ya shingo. Mwaka fulani zilikwama mbili. Lete ungo."

Mama Samadi alikumbuka alivyokipiga kitako kile kwa kiganja chake, na alivyojisifu. Alijua kilichomo kuliko alivyojua jina lake. Hata hivyo alileta ungo, akaushika kwa mikono miwili chini ya kibuyu, kwa kuwa angefanya nini kingine?

Bibi alikiinamisha. Majivu yaliyosalia yalimwagika, machache, kama ya kufutia sufuria. Akaanza kuyapapasa, akiyasukuma huku na huku kwa ncha za vidole, akiyabana kila yalipojikusanya, akianza upya kutoka ukingoni. Chakula cha mchana kilipoa jikoni. Jirani alipiga hodi, hakuitikiwa, akaondoka.

"Ushike sawa," bibi alisema. "Unautetemesha."

Mama Samadi aliushika sawa.