Chungu cha Kushoto mwa Mlango

Nikutegee? Nilizaliwa na ndugu yangu siku moja, tumbo moja, tukapishana dakika chache tu. Jua la siku ile halijatua wakamfukia kando ya mlango, na hakuna hata mmoja aliyelia. Ni nani huyo?

Usikimbilie kunipa mji, jibu utakutana nalo hapa hapa njiani. Mbah Tumirah, yaani Bibi Tumirah, wa mji wa Klaten, amekitega kitendawili hicho kwa wajukuu wake wote kumi na mmoja, na jibu analijua tangu alipokuwa hana meno ya mbele. Kilichomkosesha raha miaka sita ni kitu kingine: hakuwa na hakika kama jibu lenyewe limo chunguni.

Kwetu mtoto akizaliwa, kondo la nyuma halitupwi. Ni mdogo wake yule mtoto, wametoka pamoja. Baba huliosha kwa mikono yake mwenyewe, akalitia katika chungu kipya pamoja na chumvi, maua, sindano na uzi, na kipande cha penseli ili mtoto asije akawa mzito wa shule. La mtoto wa kiume hufukiwa kulia mwa mlango, la wa kike kushoto, na juu yake huwashwa taa siku thelathini na tano, ndugu hao wasipoteane.

Na alipozaliwa Wening, msichana, mjukuu wa mwisho wa Mbah, mambo yalikwenda hivyo hivyo. Au yalionekana hivyo. Wening alizaliwa kwa upasuaji, hospitali ya mjini. Baba yake, Giman, aliye kitindamimba wa Mbah, alifika nyumbani na pikipiki saa nane mchana, amekumbatia chungu kilichokwisha kufungwa kitambaa cheupe, fundo juu ya fundo.

"Mbona umefunga? Si nilisema nitatazama?"

"Nimeshaosha kule kule, Mama. Kila kitu kimo."

Mbah akakipokea. Kilikuwa chepesi. Hakikuwa kitupu, la, ila kilikuwa chepesi kwa namna ya kumtia mtu mashaka, na yeye vyungu vya namna ile alishabeba kumi. Lakini uani kulikuwa na majirani waliokuja kutoa pongezi. Angeanza kumhoji mwanawe mbele zao? Akameza neno lake. Taa akaiwasha, akaitilia mafuta siku zote thelathini na tano, na kila akiitilia anakiangalia kile kichuguu cha udongo kama mtu anayemwangalia mgeni asiyetaja jina lake.

Sasa Wening ana miaka sita. Maneno anayo, ila huyatoa mawili, matatu kwa siku. Hupanga kokwa za ukwaju sakafuni, mstari ulionyooka toka jikoni hadi mlangoni, na ole wako uuruke. Ikipita pikipiki huziba masikio na kujikunja. Na nywele zake haguswi na mtu: si mama yake, si mwalimu, si kinyozi. Akiguswa hulia hadi midomo ikabadilika rangi. Mikono anayoikubali kichwani ni ya Mbah peke yake.

Mama yake, Ratri, anashona nguo kiwandani Semarang, huja mwisho wa mwezi. Giman anaendesha lori la matofali. Mtoto ni wa Mbah mchana kutwa, na kila mtoto anapojikunja, macho ya Mbah huenda kushoto mwa mlango. Watu wa hospitali wale. Walifanya nini na ndugu yake?

Ndipo shule ikaleta barua. Watafiti wa chuo kikuu wanakuja kupima watoto wenye usonji na wenzao wa aina hiyo. Atakayepimwa atapewa ripoti. Mwenye ripoti ataingia darasa la kwanza na kupewa mwalimu msaidizi wa kukaa naye. Asiye nayo abaki nyumbani mwaka mwingine, na mwaka jana walishasema hivyo hivyo.

"Mama, nakuomba," Ratri alisema kwenye simu. "Mikono yako tu ndiyo itakayomvisha ile kofia yao ya kupimia. Usinitie ugomvi na hao watu."

"Lini nimegombana na mtu mimi?"

Ratri akacheka kidogo, cheko la mtu anayehesabu.

Walipokelewa katika chumba cha walimu. Mtafiti alikuwa Daktari Hapsari, mama mfupi wa miwani mwenye sauti ya chini, kanga yake ya kichwani imebanwa na pini mbili. Alimwinamia Mbah vizuri, akampa kiti, akafungua jalada.

"Wening… Ah! Kumbe huyu ni wetu. Tunaye tangu siku aliyozaliwa."

"Mnaye?" Mbah alisema. "Nilidhani ninaye mimi."

Daktari akacheka. "Taarifa zake, Mbah. Kuna watoto tunawafuatilia tangu hospitali. Uzito, damu ya kitovu, sampuli ya kondo la nyuma…"

Basi. Miaka sita, na neno limetoka lenyewe, bila kuvutwa.

"Ndugu yake mmempeleka wapi?"

Kalamu ya daktari ikasimama. Alikuwa wa huku huku, alielewa vizuri anaulizwa nini. Lakini akayateremsha macho kwenye karatasi. "Sina kumbukumbu zote hapa. Nitaangalia."

Nitaangalia! Mbah alimtazama kama anavyomtazama muuza kuku anayesema kuku wake hana ugonjwa, amechoka tu.

Kofia yenyewe ilikuwa ya mpira laini, imejaa vitufe na nyaya, kama kitu kilichoota chunusi.

"Inaingiza au inatoa?" Mbah akauliza.

"Haiingizi kitu wala haitoi. Inasikiliza. Ubongo ukifanya kazi unatoa umeme mdogo mno, huwezi hata kuuhisi. Tunamsikilizisha sauti, tunaangalia ubongo wake unazipokea vipi."

"Na mkishasikiliza mnaweka wapi?"

"Kwenye kompyuta."

"Mh. Na humo mmeweka vingapi?"

Daktari akatabasamu. Akatoa sharti moja tu: Jumanne mtoto aje ameoshwa nywele, asipakwe mafuta. Yakiwepo mafuta, vitufe havishiki, mashine haisikii.

Mbah alilisikia sharti hilo kwa makini sana. Na Jumanne alfajiri akamkalisha Wening kati ya magoti yake, akampaka mafuta ya kemiri, zile kokwa zinazokamuliwa kwa ajili ya nywele, akarudia, akarudia tena, hadi kichwa kikang'aa kama sufuria mpya. Kama mlango wa nyumba umeachwa wazi na watu wamekwisha kuingia mara moja, alijiambia, mara ya pili nitaufunga mimi.

Kule shuleni alimvisha mtoto kofia kwa mikono yake, taratibu, mtu mwema kabisa. Mistari kwenye kioo cha mashine ikarukaruka kama kuku waliomwagiwa maji. Daktari akabadilisha waya. Akafuta vitufe. Akazima, akawasha. Feni ya darini inazunguka, Wening ameziba masikio, na Mbah anatazama dirishani. Mwisho daktari akainama, akanusa.

"Kemiri," alisema. "Bibi yangu alikuwa akinipaka hii hii."

"Nywele kavu zinakatika."

"Mbah, unaogopa nini?"

"Siogopi. Nimeuliza swali, sijajibiwa."

Daktari akaenda kufunga mlango. Alitoa karatasi moja mkobani akaiweka mezani.

"Nimeangalia, kama nilivyosema. Tulikata kipande, saizi ya ukucha huu. Kipo mpaka leo, na ukitaka nitakupeleka ukione. Lililobaki alikabidhiwa baba yake ndani ya mfuko mweusi, saa tano asubuhi. Sahihi yake hii."

Mbah shule aliishia darasa la tatu, lakini sahihi ya mwanawe anaijua: ile herufi ya kwanza iliyopinda kama mpini wa mwavuli. Akaitazama mara mbili.

"Karatasi mnaandika nyie wenyewe."

"Kweli. Basi muulize aliyesaini." Daktari alikaa chini, akavua miwani. "Na kondo hilo, lifukiwe au lipotee, silo linalomfanya mtoto awe hivi. Chanzo hasa bado tunakitafuta, sitakudanganya. Yamo ya urithi, yamo ya jinsi ubongo unavyojijenga tumboni. Tunachokiona kwa wengi wa watoto hawa ni hiki. Wewe hapa feni umeshaisahau, siyo? Ubongo wako umeizima. Wa kwao hauizimi. Feni, pikipiki, sauti yako, vyote vinagonga mlango kwa pamoja, kwa nguvu moja. Nahisi Wening ndivyo alivyo. Lakini ripoti haiandikwi kwa kuhisi. Alhamisi saa nne ndiyo mwisho, mashine inahamia mji mwingine."

Mbah akasimama, akaenda ukutani, akabonyeza swichi. Feni ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikakata. Wening akashusha mkono mmoja. Halafu wa pili.

"Mh," alisema Mbah. Hilo tu. Akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka.

Njiani hakuwa akiwaza feni. Alikuwa anawaza saa. Saa tano asubuhi mfuko umetoka hospitali. Kutoka hospitali hadi kwao ni nusu saa, na kwa mwendo wa Giman ni dakika ishirini. Chungu kimefika saa nane. Kwa muda wa saa mbili na zaidi mtu alikuwa wapi na ndugu wa mtoto? Alikuwa amewashuku watu wa hospitali kwa miaka sita, na sasa shaka ilikuwa imegeuka njia na inarudi nyumbani kwake, inapiga hodi.

Na shaka ikishaingia ndani hufungua kila kabati. Akakumbuka jinsi Giman asivyokaa upande wa kushoto wa baraza. Akakumbuka chakula. Giman ambaye utotoni alikuwa akilamba sufuria ya ua la mgomba, lile jekundu linaloning'inia mwisho wa mkungu, akipikiwa kwa nazi na pilipili, tangu mwaka aliozaliwa Wening hajaligusa. "Tumbo, Mama." Siku nyingine, "Nimekula kazini." Mbah alidhani ni mapishi yake yamechuja. Ilimuuma hata.

Alhamisi asubuhi akampigia simu. "Pita hapa na lori lako kabla hujaenda kupakia. Nimekupikia."

Giman alifika saa mbili na nusu, suruali nyekundu kwa vumbi la matofali. Barazani aliikuta sahani imefunikwa. Wening amekaa kwenye kigoda, nywele zinang'aa mafuta, anapanga kokwa. Pembeni yake beseni la maji meusi, maji ya majivu ya mabua ya mpunga, ambayo hakuna mafuta yanayoyashinda.

"Kaa," Mbah alisema. "Hapana, si huko. Upande huu."

Akakaa kushoto. Mbah akafunua sahani. Ua la mgomba, kwa nazi.

"Mama, unajua tumbo langu…"

"Tumbo lako nimelibeba mimi miezi tisa, nalijua kuliko wewe. Kula."

"Sina njaa."

"Nikutegee basi. Mtu katoka hospitali saa tano, kwake kafika saa nane. Alipitia wapi?"

Giman akacheka, cheko likafia katikati. "Nani amekwambia saa tano?"

"Umesaini mwenyewe. Nimeiona karatasi. Yule daktari nilimwita mwizi moyoni mwangu, Giman, mtu wa watu, na bado sijui kama nimemdhulumu. Saa nne mashine inafungwa. Nikimwosha mtoto kichwa hiki, nataka nijue ninampeleka kwa watu wa aina gani. Nisipomwosha, Ratri hatanisamehe, na mwanao atakaa hapa kupanga kokwa mwaka mwingine. Sasa wewe ndiye mwenye ufunguo. Mle chunguni mliwekwa nini?"

Pikipiki ikapita barabarani. Wening akaziba masikio, akajikunja. Giman akanyoosha mkono kumgusa kichwani, akakumbuka kwamba mkono wake si wa Mbah, akaurudisha pajani. Akabaki anamtazama mtoto, na pikipiki ilipopotea kabisa mtoto akashusha mikono na kuokota kokwa iliyomponyoka.

"Ningeweza, ningezizima pikipiki zote kama ile feni ya shuleni," Mbah alisema taratibu. "Lakini leo nataka kukusikia wewe. Mle chunguni, mwanangu."

Giman akaivuta ile sahani. Akaitazama kama mtu anayetazama picha yake ya zamani.

"Hili," alisema.

"Hili nini?"

"Ua la mgomba, Mama. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Nikasimama kula supu mbele ya hospitali, mfuko nikautundika kwenye pikipiki. Kurudi, haupo. Mtu aliuona mweusi, mzito, akadhani nyama. Nimezunguka mitaa yote, nimechungulia hadi mitaro, nikawaza nitakuambia nini. Mwisho nikakata ua kwenye shamba la watu, nikalifunga. Ukaliwashia taa siku thelathini na tano, na mimi kila siku nikikuona unatia mafuta… Hao wa hospitali hawakuiba kitu. Ni mimi. Mwoshe mtoto nywele, lori liko nje, nitawafikisha."