Mfupa wa Gitaa la Nyamongo

Tangu saa moja asubuhi Ombati alikuwa akisugua mfupa wa ng'ombe kwenye msasa, na kibanda chake pale sokoni Migori kilinuka nywele zilizoungua. Mfupa aliupata buchari, akauchemsha, akaukata hadi ukawa mdogo kuliko kidole cha mtoto. Ungekaa mwisho wa shingo ya gitaa, ukiwa na mikato sita ya kubeba nyuzi.

Ule wa zamani ulikuwa na ufa. Alipoubandua ulivunjika vipande vitatu, akaufagia pamoja na takataka. Mikato yake ilikuwa imekaa ovyo kabisa: nyuzi mbili za katikati zimebanana, nyingine zimeachana. Ombati alicheka. Fundi gani huyo, mlevi? Yeye alichukua rula, akapima nafasi sawasawa, akakata kwa tupa nyembamba, kisha akajisifu peke yake.

Nyamongo, mwenye gitaa, alifika saa tatu amevaa koti lake la kanisani. Gitaa lilikuwa limeletwa na bintiye, Edinah, kwa hiyo Ombati hakuwahi kuuona mkono wa kushoto wa mzee huyu. Vidole viwili havikuwapo.

Mzee alipiga. Sauti ikakwama. Akapiga tena.

"Kijana, hizi mbili umezitenganisha?"

"Nimezinyoosha, mzee. Zilikuwa zimekaa vibaya."

"Hapana. Ni mimi niliziweka karibu, ndio nizishike na kidole moja. Vidole zile zingine zilikuliwa na mashine ya miwa."

Alisema bila kukasirika, na hilo ndilo lililomuumiza Ombati. Kuuliza kungemgharimu nini? Neno moja tu kwa yule msichana.

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kuandikisha wanamuziki katika ofisi ya utamaduni. Asiyeandikishwa hapigi kwenye sherehe za kaunti mwaka mzima, na Nyamongo hakuwa na kazi nyingine iliyobaki. Mfupa mwingine ungechukua saa mbili. Wakaenda kuomba.

"Madam, ni makosa yangu," Ombati alimwambia karani, Beverlyne, ambaye hakuinua kichwa. "Huyu mzee hana vidole mbili, gitaa yake inakatwa tofauti. Tupee masaa mbili tu, please."

"Fomu inasema mtu apige wimbo moja mbele yangu. Hakuna pahali ya kuandika vidole."

"Hata akirudi mchana?"

"Saa nne nafunga. Apige sasa ama aende nyumbani."

Nyamongo akapiga. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, ambao watu wa Sori waliucheza harusini hadi viatu vikakatika. Ombati alisikia kila mara kidole kilipotafuta uzi wa pili na kuukosa. Aliona haya, akatazama sakafu. Laiti angekihifadhi hata kipande kimoja cha ule mfupa mbovu.

Wimbo ulipoisha, Beverlyne aliandika, kisha akawasukumia fomu ili mzee atie sahihi.

"Macho yangu siku hizi hayasomi," Nyamongo alisema. "Ameandika nini?"

Ombati alisoma kimyakimya. Mbele ya jina la mzee palikuwa na maneno mawili: Hajui gitaa.

Alichukua kalamu, akakata jina la Nyamongo, akaanza kuandika lake mwenyewe juu yake.

"Wewe! Hiyo ni fomu ya serikali!"

Ombati alimaliza herufi ya mwisho. Yale maneno mawili aliyaacha yalivyo.