Jibu la Shangazi Glenys

Mtafiti wa serikali alipita mtaani kwetu Hartlepool, kaskazini mwa Uingereza, kuuliza tunaishije tangu wenye chumba cha ziada wapunguziwe msaada wa kodi ya nyumba. Shangazi Glenys aliwasha hita, ambayo hatukuwa tumeigusa tangu Krismasi kwa kuogopa bili, akatoa vikombe vya harusi yake na biskuti zetu za mwisho.

"Mwambie tunatolewa kwenye nyumba Ijumaa kwa deni la kodi," nilimnong'oneza jikoni.

"Nyamaza wewe! Mgeni hajanywa hata chai, nianze kumlilia?"

Yule kijana akauliza, "Mama, unamudu? Wanaoshindwa naweza kuwaombea msaada wa dharura leo hii."

"Wapo wenye shida kuliko mimi, mwanangu. Siwezi kulalamika. Hebu ongeza biskuti, umekonda kama njiti!"

Kijana akacheka, akaweka alama kwenye neno "anamudu". Nikafungua mdomo, shangazi akanikanyaga chini ya meza.

Mlango ulipofungwa nikamwambia, "Shangazi, alikuwa anaandika kila unachosema."

"Najua. Ningesema nini, mbele ya mtu nisiyemjua?"

Hakunitazama. Alipanda kiti akaanza kutungua mapazia, tayari kwa Ijumaa.