Kizibo cha Udongo

Siku Nelson alipoleta gari lake gereji kwangu, Mbugani, akitaka linyamazishwe, nilimshukuru Mungu kwa sauti. Yeye akadhani nashukuru kwa kupata kazi.

"Fundi, nataka linyamaze Jumamosi moja tu," alisema bila kushuka. "Nikishatoka ukweni unalirudishia sauti yake."

Lilikuwa Subaru la bluu, limekaa chini kama sinia. Salensa, ile ya kupunguza kelele, alishaing'oa zamani, akafunga bomba la moshi pana lisilo na kitu ndani, na kila akiachia mafuta lilitema milio ya bunduki. Kyela tulimjua Nelson kwa masikio kabla ya macho. Sasa alikuwa anakwenda kumposa Lusungu, binti wa mzee Yohana wa Mwaya. Mzee ana ugonjwa wa moyo, na alishatuma neno kwamba mwenye gari la mabomu asikanyage uani kwake. Gwamaka, mjomba wa Nelson na mshenga wake, akamjibu kwamba gari limekwisha kutengenezwa. Alikuwa amedanganya, ndiyo maana walikuwa na haraka.

Nelson hakujua mimi ni nani. Mimi nilimjua vizuri sana.

Mwezi wa tano mama yangu alikuwa anavuka barabara pale Mbugani, vyungu vitatu kichwani. Mama ni Mkisi wa Ikombe, kwa wafinyanzi wa ufukweni mwa ziwa, amefinyanga tangu utotoni, na vyungu vyake vimepika wali wa nusu ya wilaya hii. Nelson akaja nyuma yake polepole, akaachia mafuta makusudi. Mlio ule ulimwangusha mama kifudifudi juu ya vigae vya vyungu vyake. Kioo cha gari kikashuka, Nelson akatoa kichwa, akacheka. "Bibi, sasa umeamka!" Kisha akaondoka.

Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika, kikaunga kombo. Vidole havikunjiki tena. Mfinyanzi bila mkono wa kulia ni kama mimi bila macho. Mama akahamia kwangu, akawa anakaa mlangoni mikono mapajani, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya maishani mwake. Polisi hakutaka kwenda, na fidia hakuitaja. Alisema neno moja tu: "Angekuja hata kuniambia pole." Miezi mitano mizima, kila mtu akibisha hodi, mama alikuwa wa kwanza kuinua kichwa. Hilo ndilo lililonichoma kuliko mkono.

Kwa hiyo nilimwambia Nelson aache gari, Jumamosi atalikuta bubu.

Kulinyamazisha bomba kwa muda si kazi ngumu. Unakata kipande cha bomba jembamba, unakitoboa matundu, unakiviringishia stilwaya ya kusugulia sufuria, unakisukuma ndani ya lile pana na kukibana kwa bolti moja. Huzibi kabisa, maana injini itakosa pumzi. Mdomoni unaweka pete ya kupunguza mwanya. Pete hiyo huwa ya chuma. Mimi niliamua iwe ya udongo, na iwe mbichi.

Mtoto yeyote wa ufukweni anajua kwamba chungu kisichokauka ukikitia motoni kinapasuka. Maji yanabaki ndani, yanatafuta njia, na yasipoiona yanaitengeneza. Nilipiga hesabu zangu. Mpaka Mwaya bomba lingekuwa la moto sana, pete ingelipuka, stilwaya ingeruka nje, na gari lingenguruma pale pale uani mbele ya mkwe. Siku za mwizi ni arobaini, nami nilikuwa nimehesabu zote.

Jioni nikampelekea mama kipimo.

"Mama, nifinyangie pete ya upana huu. Usiikaushe."

Akanitazama. "Ya nani?"

Nikamweleza yote, gari, posa, Mwaya, na pete itakavyopasuka. Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

"Kwa Yohana?" aliuliza. "Mkewe ni mteja wangu tangu hujazaliwa." Akainuka pale mlangoni. "Leta lile gunia la udongo lililo nyuma ya nyumba."

Alifanya kazi kwa mkono wa kushoto, ule mbovu ukishikilia tu. Nilitaka kumsaidia, akanifukuza. "Wewe ni wa vyuma. Niachie kazi yangu."

Ijumaa niliporudi nyumbani niliona jivu la pumba za mpunga uani. Nikadhani amechoma ndizi. Pete nikaikuta imefungwa kwenye jani la mgomba, imepakwa udongo mwekundu, yenye unyevu mkononi. Nikafurahi, na usiku huo huo nikaenda kuibana bombani. Sikuigonga kwa ukucha nisikie mlio wake, jambo ambalo hata mtoto wa miaka mitano kule kwetu asingesahau. Hasira ilikuwa imenijaa mpaka masikioni.

Jumamosi asubuhi mama alipanda bodaboda kwenda Mwaya, akisema anakwenda kumsaidia mke wa Yohana jikoni. Nikajua anataka kushuhudia. Nelson naye akanichukua kiti cha nyuma, ili baada ya posa nichomoe kizibo na yeye arudi Kyela kwa kelele za ushindi. Gwamaka alikaa mbele na suti yake.

Tulipita Ngonga tukiwa kimya. Gari lilikuwa linaunguruma kwa mbali tu, kama paka aliyeshiba. Nilikuwa nahesabu kilomita. Tukaingia Mwaya, tukaingia uani kwa mzee, gari likazimwa. Hakuna kilichopasuka.

"Fundi, wewe ni mtaalamu," Nelson alininong'oneza. Nusura nimpige.

Tukakaribishwa, tukakaa. "Mugonile," mzee Yohana alitusalimu, mkono kifuani, akaonekana ameridhika na utulivu wetu. Gwamaka akatoa maneno yake ya kuomba ua lililoonekana katika bustani hii. Mzee akasikiliza hadi mwisho, kisha akageukia watu wake.

"Kabla sijamwita binti, nauliza. Kuna mwenye neno na wageni hawa?"

Swali hilo huulizwa kwa heshima tu, na hujibiwa kwa ukimya. Mama akatoka jikoni.

Alitembea taratibu mpaka mbele ya kiti cha Nelson. "Mwanangu, unanifahamu?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Akaufungua mkono wake uliokuwa ndani ya kanga, akaunyoosha kadiri ulivyoweza kunyooka. "Mwezi wa tano, pale Mbugani. Vyungu vitatu. Uliniambia nimeamka."

Nelson akamtazama mjomba wake, mjomba akatazama viatu vyake.

"Mama, mimi sikukuona," alisema.

"Uliniona. Ulishusha kioo." Hakupandisha sauti hata kidogo, na hakuwa na haja. "Siku ile nilikuita, ukangurumisha gari lako, sauti yangu ikamezwa. Leo umekuja kimya, kwa hiyo unanisikia. Unajua kimya hicho amekutengenezea nani? Huyu fundi wako ni mwanangu, Ezra. Na udongo ulio ndani ya bomba lako nimeufinyanga mimi, kwa mkono wa kushoto. Ndicho chombo changu cha mwisho. Sikutaka kwako kitu zaidi ya pole."

Akasimama akisubiri. Sote tulisubiri. Lilikuwa neno la silabi mbili, na nadhani kama angelisema mzee Yohana angemsamehe, na mama pia, na mimi ningebaki na hasira zangu peke yangu. Nelson akafungua mdomo, akaona watu wanamtazama, akaufunga. "Mjomba," alisema, "hawa wamenitega."

Mzee Yohana akamwita binti yake. Lusungu akaja, akapiga magoti. Alikuwa amesikia kila kitu kutoka dirishani.

"Binti yangu, hawa wageni wanasema wamekuja kwa ajili yako. Unamfahamu huyu kijana?"

Kila msichana anajua jibu la swali hilo. Akisema namfahamu, vigelegele vinapigwa. Lusungu alimtazama Nelson kwa muda mrefu, na macho yake yalikuwa na machozi.

"Nilidhani namfahamu, baba," alisema. "Simfahamu."

Hakuna aliyewafukuza. Waliinuka wenyewe. Nelson alinifuata kwenye gari. "Toa kidude chako! Toa sasa hivi!"

"Spana nimeisahau Kyela," nikamwambia.

Akaliwasha, akakanyaga mafuta kwa nguvu zote, na gari likanung'unika tu. Kuku hawakuacha hata kudonoa. Aliondoka vile vile, kimya, huku ua mzima ukimtazama mpaka njia ilipokata kona.

Nikamfuata mama kwenye benchi la jikoni. "Uliichoma," nikasema.

"Jana, kwa pumba. Kisha nikaipaka udongo mbichi juu ili usinishtukie." Mke wa Yohana alikuwa amempa sahani ya wali, naye akala kwa kijiko, mkono wa kushoto. "Ingepasuka, wangekimbilia gari. Wangeshika vichwa, wangecheka, yule mzee angeshikwa na moyo wake. Mimi nani angenisikia?"

Niliona aibu. Miezi mitano nilikuwa natafuta mlio mkubwa kuliko wa Nelson.

"Lakini pole hakusema," nikamwambia.

"Hakusema," alikubali, akatafuna. Kisha akanyoosha kijiko kuelekea suruali yangu, akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwezi wa tano. "Na wewe hiyo spana imekutoboa mfuko, mwongo mkubwa."