Maiti Hanyanyuki Mpaka Baragumu Lilie

…na upanga wenyewe haukumgusa, au ulimgusa kama nzi anavyogusa sahani, lakini keshaanguka, keshalala chali mchangani, na sheria ya kambi ni kwamba aliyekufa hanyanyuki mpaka baragumu lilie, basi Yaqdhan kalala, jua la Ijumaa alasiri linapenya matundu ya kofia ya chuma, deraya iliyofuliwa na fundi wa gereji za mtaa wa Ghala kutoka boneti la gari bovu inamuunguza mgongo, naye hasikii moto, anajua tu kwamba ni moto, ndivyo alivyo siku hizi… mwaka wa tatu huu anakuja kucheza vita vya kale na Wazungu wa kampuni za mafuta na walimu wa watoto wao, mahema ufukweni, kanzu za sufu katika joto la Maskati, mapanga ya henzerani, na sheria moja aliyoipenda tangu siku ya kwanza, kwamba hakuna refa, aliyepigwa ndiye peke yake anayesema pigo limeingia au halikuingia, na miaka yote mitatu yeye hajakubali hata pigo moja, wenzake wanamtania, huyu ana roho ya paka, na leo amekufa kwa pigo ambalo halikuwepo, mwalimu wa fizikia aliyempiga akainama akamuuliza kwa Kiingereza kama ana hakika… Nasriya mkewe naye aliuliza, jikoni kwao Al Khuwair, siku ya tatu baada ya mazishi, "Hakikukuuma kitu wewe?", naye akajibu, "Alhamdulillahi, mimi mzima," akachukua funguo akaenda wizarani, akasaini barua kumi na moja… mtoto alikuja keshakufa, miezi tisa kamili, akampakata garini mpaka makaburini, kifurushi chepesi kuliko mkoba wake wa ofisini, akawa anatazama taa za barabarani, nyekundu, kijani, akamshusha kwa mikono yake, kila kitu kwa utaratibu, hata shekhe alimsifu… "Mie sendi kwetu kwa sababu mtoto kafa," kasema Nasriya wiki iliyopita akifunga sanduku, "nakwenda kwa sababu nnaishi na mtu asiyefiwa. Mpaka Ijumaa. Kama huna la kunambia, nletee talaka yangu kwa mkono wako, usinitumie mtu," na yuko hapo Bustan kwa mama yake, nyuma ya kilima hiki, na la kumwambia Yaqdhan kalitafuta, halipo, ndani mote mmefagiliwa… viatu vya plastiki vinakuja, ni Pius, Mtanzania anayewapikia kambini, na kikapu cha maji.

"Kaka Yaqdhan, umekufa kweli au umesinzia?"

"Nimekufa."

"Maiti mwenzako kule kaomba soda, nimemwambia marehemu hanywi."

Anapaswa kucheka, anajua kwamba ni kichekesho, lakini kinachotoka ndani ya kofia ni kingine, "Pius, sisi tulipata mtoto," sauti yake inamrudia masikioni kama ya mtu wa chumba cha pili, na Pius anasema, "Hongera kaka, lini?", "Mwezi wa pili, alikuja keshafariki," na kikapu kinatua, kivuli kinachuchumaa kando yake, "Pole sana, kaka, pole na shemeji," kisha, taratibu, kama watu wa kwao wanavyouliza, "Alifanana na nani?"… na yeye hakumfunua uso, hospitali Nasriya alimwita, njoo umuone, yeye akawa anajaza fomu, na hata kule chini kaburini, alipolegeza fundo la sanda, alifumba macho, akafanya kwa kupapasa, kwa hiyo hajui, baba mtu hajui, duniani kote anajua mtu mmoja tu, "Sijui," anamwambia Pius, "mama yake ndiye aliyemuona," na chini ya boneti la gari la watu pameanza kuuma, padogo, upande mmoja, wala hapaachi, na wafu wengine wamelala kimya mchangani, na la kumwambia Nasriya bado hana, ila anataka kumuuliza, leo, kabla ya magharibi, pua ilikuwa ya nani.