Nota Ndogo ya Sauti ya Kwanza

Koo lilipomnyima sauti, mwalimu wa kwaya alibaki na kalamu. Akiwa kitandani hospitalini alitunga wimbo wa kurasa mbili, akamkabidhi mdogo wake wa kike, mchapaji wa nota katika duka la uchapaji, auingize kwenye kompyuta.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka ubeti wa mwisho. Hapo kaka alikuwa amechora nota ndogo, mkia wake umekatwa mshazari, ya kuguswa tu kabla ya nota kubwa. Dada alipoiingiza, ukurasa mzima uliparaganyika. Mistari ya kugawa mapigo ikavunjika, sauti ya kwanza ikaenda zake, tatu zilizobaki zikaenda zao. Akaifuta, mambo yakatulia. Akairudisha, yakaharibika. Akapanua nafasi, akazima kompyuta, akaiwasha. Wapi!

"Si uifute tu?" alisema mwenye duka. "Nota yenyewe kama kichwa cha sisimizi. Nani ataisikia?"

Jioni alimuuliza kaka yake. Naye akaandika daftarini: "Mama ndivyo alivyoanza kuimba. Sauti ilijikwaa kidogo kwanza. Iache."

Dada hakumkumbuka mama yao. Alifariki yeye hajamaliza kuota meno. Aliyasoma maneno yale mara tatu.

Kesho yake ndipo akaligundua kosa. Nota ile, ndogo hivyo hivyo, ilikuwa na muda wake, na programu iliuhesabu kwenye sauti ya kwanza peke yake. Nyingine hazikuwa na habari. Akaziwekea zote tatu kimya kifupi kisichoonekana, cha urefu uleule. Mistari ikanyooka.

Asubuhi iliyofuata kaka aliipokea karatasi, akaifuata kwa kidole. Penye nota ndogo alisita, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akagonga mstari wa besi, ile sauti nene ya chini: kulikuwa na nota iliyopanda kuliko alivyoandika.

"Besi hukosea wenyewe," aliandika. "Usiwasaidie."

Dada alicheka mpaka akashika kitanda. Kaka naye akacheka bila sauti, mabega yakimtikisika.

"Nakurekebishia sasa hivi, kaka. Mchana nitakuwa hapa."

Aliporudi na nakala safi, kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Muuguzi alimpa daftari kwa mikono miwili.

"Pole sana, dada yangu. Amepumzika saa nne."

Saa nne dada alikuwa dukani, anasubiri mashine ya kuchapia ipate moto.

Siku ya maziko kwaya iliuimba wimbo ule. Dada alikuwa mbele, kashikiliwa na shangazi yake, machozi yamemziba masikio pia. Hakusikia hata nota moja. Baadaye mwanamke mmoja wa sauti ya kwanza alimfuata, akamshika mkono.

"Tumeuimba kama alivyouandika," alisema.

"Ahsanteni," akajibu dada, akaomba maji ya kunywa.