Mlango wa Saba

Fundi cherehani alichotaka ni kibali tu cha kubadilisha mabati yaliyooza. Lakini nyumba ya mumewe ilikuwa katika mtaa wa kale unaolindwa na sheria, na huko hata msumari hupigi bila ruhusa ya halmashauri.

Mkaguzi alifika asubuhi na jalada kuukuu kwapani. Alizunguka nyumba nzima akihesabu, kisha akahesabu tena.

"Mama, jalada linasema milango saba. Mimi naona sita."

"Nimeolewa humu miaka kumi na miwili, kaka. Ni sita."

"Basi mmoja umezibwa. Uzibueni, ndipo tuzungumze habari za paa."

Mama mkwe, ambaye siku zote hakosi la kusema, aliinamisha kichwa. Alipobanwa alisema, "Nami niliukuta umezibwa. Sikuuliza."

Akaitwa mwashi. Aligongagonga ukuta wa nyuma, akabandua lipu, na mlango ukatokeza: mbao nzito, makomeo matatu, yote upande wao. Fundi cherehani alitoka mbio hadi kichochoroni, nyuma ya ukuta uleule. Hapakuwa na kitu ila kamba ya nguo za jirani. Hata kabati lisingeenea pale.

Aliporudi, mkaguzi alikuwa ameshafungua. Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, sakafu mbichi kana kwamba imepigwa deki sasa hivi. Mkaguzi aliingia kupima. Wakamsikia akijibu kwa adabu, kama mtoto mbele ya mkubwa: "Ndiyo. Ndiyo, bibi."

Alitoka jasho likimtiririka.

"Yule bibi humo ndani ni nani wenu?"

Mwashi alikuwa akikusanya vifaa vyake haraka haraka.

"Ameniuliza siku hizi mko wangapi," mkaguzi alisema. "Nami nikamwambia."

Kibali kilitoka wiki ileile, mabati mapya yakapigwa. Fundi aliandika barua kuomba mlango uzibwe tena. Akajibiwa kwamba mlango ni sehemu ya urithi wa mtaa, ni marufuku kuugusa.

Akasukuma makomeo yote matatu, akahamishia cherehani chumba cha mbele. Hata huko, mchana, akiinua mguu kwenye pedali, husikia ufagio ukipita taratibu.

Mama mkwe ameanza kuusalimia mlango kila asubuhi. Anaapa kwamba hajibiwi. Lakini akishasalimia husimama kidogo, sikio upande, halafu huitikia, "Wote wazima."